Inchi 30 za Matsumoto

Besi kuukuu ya Kijapani ikilazwa juu ya meza ya fundi mmoja wa magitaa, kitu cha kwanza kutoka kwenye droo ni daftari. Bisbisi zinasubiri. Nyuzi zilizoshika kutu zinaachwa zimekazwa vilevile zilivyokuja, kwa sababu zikilegezwa shingo itajiachia na kubadili umbo, na ushahidi wa namna ilivyoishi miaka 50 na zaidi utapotea. Anapima kimo cha kila uzi juu ya freti ya 12. Anabonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, kisha anapenyeza bapa jembamba la chuma katikati ili ajue shingo imepinda kiasi gani. Halafu anapiga noti mojamoja, uzi kwa uzi, freti kwa freti, sikio likiwa karibu na mbao, amplifaya imezimwa. Kila panapokwaruza anaandika. Ukurasa ukijaa anafungua mwingine.

Karakana yake iko Matsumoto, mkoa wa Nagano, mji uliokaa bondeni chini ya milima mirefu ya Japani ya kati. Watu wa hapa wanaijua mbao; samani zao zina sifa ya siku nyingi. Mwaka 1951 ilianzishwa hapa kampuni ya Matsumoku, ambayo kabla ya kujulikana kwa magitaa ilitengeneza makabati ya cherehani za Singer. Mwaka 1960 ikafuata FujiGen. Tokyo nako kulikuwa na Guyatone, na Teisco iliyoanza miaka ya 1940 na kuchukuliwa na Kawai ya Hamamatsu mwaka 1967. The Ventures, bendi ya magitaa ya Kimarekani, walipozuru Japani mwaka 1965, vijana walishikwa na homa ya gitaa la umeme, na viwanda vikapata wateja nyumbani na ng'ambo kwa mpigo. Magitaa yaliyovuka bahari kwenda Marekani yaliuzwa kwa majina ya waagizaji na maduka: Kingston, Kent, Silvertone, Univox na mengine mengi. Kiwanda kimoja kiliweza kuvaa majina kadhaa, na jina moja likabandikwa kwenye kazi ya viwanda tofauti. Besi nyingi za aina hiyo hazina namba wala mwaka. Mkusanyaji mzoefu huzitambua kwa umbo la kichwa, aina ya swichi, kifuniko cha pikapu, na bamba la chuma lililofungwa kwa skrubu nne nyuma, pale shingo inapokutana na mwili.

Ziliuzwa kwa bei ya mwanafunzi, na dharau ya bei hiyo imezifuata mpaka leo. Mimi naona zilidhulumiwa. Sehemu kubwa ya ubaya unaosimuliwa juu yake ni kazi iliyoachwa njiani: nyuzi zimeinuka mno, freti hazijasawazishwa, daraja limewekwa kwa kukisia. Gitaa la namna hiyo lilitundikwa dukani, likanunuliwa na mzazi, likamshinda mtoto, likaingia uvunguni. Anachofanya fundi wa Matsumoto ni kumalizia ile kazi, nusu karne baadaye.

Kwa nini nyingi ya besi hizi ni fupi? Precision Bass ya Fender ya mwaka 1951 ilikuwa na inchi 34 kutoka kizingiti, kile kipande kidogo cha kichwani kinachobeba nyuzi, hadi kwenye daraja, na kipimo hicho kikawa kawaida ya dunia. Lakini Höfner yenye umbo la fidla aliyoinunua Paul McCartney mjini Hamburg mwaka 1961 ilikuwa ya inchi 30, na EB-0 ya Gibson ya mwaka 1959 ilizidi hapo kwa nusu inchi tu. Wajapani wengi walifuata njia hiyo. Kwenye besi ya inchi 34, freti nne za kwanza zinachukua milimita 178. Kwenye ya inchi 30 zinachukua 157. Hizo sentimita mbili ndizo zinazomwezesha mtu mwenye kiganja kidogo kufika anakotaka bila kuuhamisha mkono. Kuna jingine muhimu zaidi. Uzi uleule, ukivutwa kufikia noti ileile, unahitaji nguvu pungufu kwa takriban asilimia 22. Uzi uliolegea kiasi hicho hubonyea kwa hiari, hutikisika kwa upana, na noti yake hutoka nene na ya mviringo, bila ule mlio wa chuma juu yake.

Ulegevu huo ndio utamu wake, na ndio unaomtia fundi kazini. Uzi unaotikisika kwa upana unahitaji nafasi. Freti moja ikizidi wenzake kwa sehemu ya kumi ya milimita, uzi utaigusa na kulalamika.

Kufungua huanza na skrubu, na hapa tayari wengi huharibu. Skrubu za Kijapani za enzi hizo zina tundu la msalaba lililochongwa kwa kiwango cha JIS, kinachofanana sana na Phillips ya Kimarekani ila hakilingani nayo. Bisbisi ya Phillips haizami mpaka chini. Inapanda, inateleza, inakula kingo, na skrubu iliyodumu tangu 1967 inabaki na kidonda cheupe. Bisbisi ya JIS inakaa ikatulia. Hata akiwa nayo hazungushi mara moja. Anadondosha tone la mafuta, anaendelea na jambo jingine, anarudi. Kwanza anakaza kidogo sana, mpaka kutu ikatike kwa mlio mdogo, ndipo analegeza. Kila skrubu inayotoka anaichomeka kwenye kadibodi aliyoichora umbo la besi, mahali palepale ilipotoka, kwa kuwa skrubu mbili zinazofanana machoni zinaweza kutofautiana urefu, na iliyo ndefu zaidi ikirudishwa pasipo pake itatokeza upande wa pili.

Shingo ikishatoka anaipeleka dirishani. Analaza rula ya chuma juu ya ubao wa vidole na kutazama mwanga unaopita chini yake. Ubao huo mara nyingi ni wa mti wa jenasi ya Dalbergia, ukoo mmoja na mpingo wetu, na ukiufuta vumbi la miaka na kuupaka mafuta kidogo unatoa rangi ya kahawia yenye michirizi myeusi ambayo mnunuzi wa mwisho pengine hakuwahi kuiona. Shingo yenyewe huwa imeungwa kwa vipande kadhaa vya mbao. Nyingine zina fimbo ya chuma ndani yake inayokazwa kwa nati ili kushindana na mvuto wa nyuzi. Nyingine zina chuma kilichozikwa humo moja kwa moja, hakiongezwi wala hakipunguzwi.

Yenye fimbo ni rahisi, kwa mwenye subira. Anasafisha nati, anaitia mafuta, anaipa robo ya mzunguko, halafu anairudisha shingo kwenye kishikio chake na kuiacha mpaka kesho. Mbao haijibu papo hapo. Kesho anapima tena, pengine anaongeza robo nyingine, pengine anaona inatosha. Nimemwona akiirudishia ile robo ya jana kwa nusu, baada ya usiku wa mvua, kwa sababu unyevu nao ulikuwa umefanya kazi yake.

Yenye chuma kilichozikwa ndiyo inayompima mtu. Anaifunga kwa vibano kwenye boriti nene ya chuma, akiweka vipande vya mbao laini ili isichubuke, na juu ya ubao wa vidole anatandaza kitambaa cha umeme kinachotoa joto. Joto linailainisha gundi iliyounga ubao na shingo, na vibano vinailazimisha shingo kupita unyoofu kidogo, upande wa pili, kwa kuwa ikipoa itarudi nyuma. Kisha anazima umeme na kuiacha ipoe humohumo usiku kucha. Asubuhi anafungua, anapima, na mara nyingi imerudi karibu yote. Anafunga tena. Mtu mwingine hapa angeongeza joto, kwa sababu ndiyo njia fupi; lakini joto likizidi, ubao wa vidole unabanduka, alama za lulu za plastiki zinanywea, na rangi inavimba mapovu. Yeye anaacha joto palepale na kuongeza usiku. Shingo inanyooka kidogo tu kila mara, mpaka siku moja rula inalala na mwanga unapita chini yake kwa usawa, mwembamba, toka kichwa hadi kisigino.

Baada ya shingo kunyooka, bado pembe yake. Kosa la kawaida la besi hizi ni kwamba daraja limeshushwa mpaka mwisho na nyuzi bado ziko juu. Ukifungua kishimo cha shingo utakuta wamiliki wa zamani walivyohangaika: kipande cha boksi la kiberiti, karatasi iliyokunjwa, wakati mwingine pesa ya shaba. Vitu hivyo huinua ncha moja na kuacha uwazi, na mbao iliyokazwa skrubu juu ya uwazi inaweza kupinda taratibu. Fundi huvitoa na kuviweka kwenye bahasha pamoja na karatasi za gitaa hilo. Halafu anakata ubamba wa mbao wenye ukubwa kamili wa kishimo, anaubandika kwa tepu juu ya kioo, na kuukwangua kwa bapa la chuma mpaka unakuwa kabari: nusu milimita upande mmoja, upande wa pili umekwisha kabisa. Anapima kwa kalipa, anakwangua, anapima. Mkwaruzo mmoja unaondoa vumbi tu. Ubamba huo hautaonekana tena na mtu yeyote akishafunga, lakini kingo zake amezinyoosha kana kwamba utakaa kwenye kabati la kioo.

Freti za besi hizi ni ndogo na fupi, hazina chuma cha kupoteza. Anafunika mbao kwa tepu ya karatasi, freti peke yake zikibaki wazi, na kila mgongo wa freti anaupaka wino wa kalamu nene. Juu yake anapitisha boriti ya chuma iliyobandikwa msasa upande wa chini, bila kukandamiza, uzito wa boriti ukitosha. Wino unatoka kwanza kwenye freti zilizoinuka. Anapitisha tena. Pale wino unapoguswa kwenye freti zote, hata kama ni kwa mstari mwembamba kuliko ncha ya kalamu, anasimama hapohapo, maana mpito mmoja zaidi ni chuma kilichotupwa bure. Sasa kila freti ina mgongo bapa. Kwa tupa yenye mfereji anaurudishia mviringo wake, akila pembeni na kuuacha katikati mstari wa wino uliobaki, ambao ndio kipimo chake: mstari ukitoweka, freti imeshuka. Hufuata msasa mlaini, mlaini zaidi, na mwishowe sufi ya chuma, mpaka kidole kikipita hakisikii tofauti ya freti na hewa. Besi nyingi za Teisco na wenzake zina freti ya sifuri mbele ya kizingiti, na hiyo nayo anaishughulikia kwa makini ya pekee, kwa sababu ndiyo inayoamua kimo cha nyuzi zote zikiwa wazi.

Upande wa umeme kuna mambo ya kupita haraka: vitasa vya sauti vinavyokwaruza husafishwa kwa dawa na kuzungushwa huku na huku, swichi za kubofya zilizolala kwa muda mrefu huamshwa kwa njia hiyohiyo, na waya wa ardhi uliokatika unalehemiwa. Pikapu, kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi, ndiyo inayoomba muda. Akiunganisha mita na isionyeshe usomaji wowote, maana yake waya uliozungushwa ndani umekatika mahali fulani. Wauzaji wengi hapo huitupa na kuweka mpya. Nadhani ni hasara kubwa, kwa kuwa sauti ya besi hizi imekaa hapo. Pikapu za Teisco zenye karatasi ya dhahabu mbele na sumaku ya mpira ndani zilidharauliwa miaka mingi, mpaka Ry Cooder alipoiweka moja kwenye gitaa lake la Fender na watu wakaanza kuzisaka.

Fundi anavaa lenzi. Anajua kwamba mara nyingi waya hukatika mwanzoni au mwishoni, pale ulipounganishwa na waya mnene unaotoka nje. Anapasha tepu kuukuu kwa hewa ya uvuguvugu, anaibandua kwa kibanio bila kuivuta, na kuanza kutafuta ncha. Waya una unene wa takriban milimita 0.06. Akiupata, anaukwangua kwa kipande kidogo cha msasa ili vanishi iliyouvaa itoke na shaba ionekane, anaugusisha kwenye waya mpya, na ncha ya chuma cha kulehemu inaugusa kwa muda wa pumzi moja. Mita inasoma. Ikiwa ulikatikia ndani, ataufungua wote na kuuzungusha upya kwa mkono, kidole gumba na cha shahada vikiuongoza kushoto na kulia, mashine ndogo ikihesabu mizunguko kwa maelfu. Mvuto ukizidi kidogo, unakatika na anaanza upya. Ukilegea, pikapu itapiga yowe mbele ya spika. Wakati huo hazungumzi, na mimi nimejifunza kutomuuliza kitu.

Nyuzi huchaguliwa kwa kujali mambo mawili. Anapenda zilizozungushiwa utepe bapa wa chuma, kwa sababu hazikwaruzi freti alizozihangaikia na zinaongeza ule mviringo wa noti. Kisha urefu: uzi wa besi ya kawaida, ukifungwa kwenye ya inchi 30, sehemu yake nene hufika kwenye ufunguo na kulazimika kukunjwa pale, ambapo kiini hukatika au uzi hufa sauti. Kwa hiyo hununua zilizotengenezwa kwa kipimo kifupi, na kabla ya kukata hupima toka ufunguo, huongeza sentimita kadhaa za kuzungushia, hukunja kona kwanza ndipo hukata, ili utepe usifumuke. Mizunguko kwenye ufunguo inashuka chini mmoja baada ya mwingine bila kupandana.

Daraja la besi za bei nafuu mara nyingi ni kipande kimoja, pengine cha mbao, kwa nyuzi zote nne. Huwezi kurekebisha uzi mmoja peke yake. Anapiga noti ya freti ya 12, anailinganisha na sauti ya uzi ukiguswa juujuu palepale, na kusogeza daraja lote kwa mshazari mpaka E na G zote ziwe sawa. A na D hubaki na tofauti ndogo. Hapo anakubali. Anaweza kulichonga daraja jipya lenye ngazi nne, na ustadi anao, lakini tofauti hiyo ndogo ni sehemu ya sauti ya gitaa hilo, na nakubaliana naye.

Mwisho anakata kipande cha sponji na kukitia chini ya nyuzi karibu na daraja, mahali ambapo kifuniko cha kromu kilikificha zamani. Anawasha amplifaya ndogo na kupiga kwa kidole gumba. Mimi nimekulia kwenye muziki wa dansi, na sikio langu linaingia kwenye wimbo kwa mlango wa besi: zile noti chache, halafu nafasi tupu, halafu besi inarudi mahali ambapo mguu ulikuwa unaingojea. Hiki ndicho chombo cha kazi hiyo. Noti inaanza kwa mguso mfupi wa mbao, inajaa, inaondoka kabla ya inayofuata kufika, na nafasi inabaki safi. Anapopiga juu ya freti ya 12 noti zinaimba karibu kama sauti ya mtu mzima wa kiume. Kwenye E iliyo wazi, hezi 41 na ushei, hapana budi kusema kweli: besi ya inchi 34 ina msingi imara zaidi, na anayetaka kuzikung'uta nyuzi kwa nguvu atafute hiyo. Besi fupi inataka mkono mwepesi. Ukiikamua inapanda noti na kukwaruza. Ukiigusa inakupa yote.

Zilizokamilika zinatundikwa ukutani zikiwa zimekazwa nyuzi kwenye noti zake, na kila moja ina zamu ya kushushwa na kupigwa, kwa sababu shingo iliyonyooshwa inahitaji kufuatiliwa. Wiki hii zamu ni ya Teisco yenye swichi nne za kubofya. Uzi wake wa E ulikuwa umeshuka kidogo. Akautyuni, akapima upinde wa shingo, akakuta haujabadilika, akaendelea kupiga.